Matundu ya hewa kwenye ndege unayojiundia: anza na pale hewa itakapotokea

Msomaji wa Nairobi anauliza: "Ninaunda RV-9A, ndege ya viti viwili vya ubavu kwa ubavu, yenye injini ya Lycoming O-320 na paa la kioo la kuteleza. Itakaa uwanja wa ndege wa Wilson, lakini safari nyingi zitakuwa za pwani: Malindi, Lamu, pengine Diani. Nimefika kwenye dashibodi na nimekwama kwenye matundu ya hewa. Je, ninunue yale ya alumini ya kuzungusha, ambayo bei yake inauma, au nibaki na ya plastiki? Niongeze la tatu katikati? Na niyaweke wapi hasa? Mke wangu atakuwa abiria wangu mkuu na hana uvumilivu hata kidogo na joto."

Ndugu yangu, nikupe jibu fupi kwanza, maana naona drili iko mkononi. Nunua mawili ya alumini. La tatu liache. Pesa utakayookoa iende kwenye kitambaa cha kivuli cha paa na kwenye king'ora cha kaboni monoksidi. Lakini ukilichukua jibu hilo bila kujua limetoka wapi, unaweza kuweka matundu ya bei mbaya na bado ukafika Lamu shati limeloa. Tundu unaloliona kwenye dashibodi ni kipande cha mwisho tu. Nyuma yake kuna hosi, nyuma ya hosi kuna mdomo uliokatwa ubavuni mwa ndege, na upande wa pili kuna jambo ambalo wajenzi wengi hawaliulizi kabisa: hewa ikishaingia, inatokea wapi?

Tuanze na nguvu inayoisukuma hewa ndani. Ndege inapokwenda noti 140, yaani kilomita 260 kwa saa hivi, karibu na usawa wa bahari, hewa inayoigonga usoni inaleta shinikizo la ziada la paskali 3,200 hivi. Ukiwa unapanda kwa noti 78, shinikizo hilo linashuka hadi chini kidogo ya paskali 1,000, kwa sababu linafuata mraba wa kasi. Ukiwa unajivuta kwenye njia za uwanja kwa noti 10, unabaki na paskali 16. Hiyo ni karibu mara mia mbili pungufu ya ile ya safarini. Kwa hiyo ukiwa ardhini, tundu lolote utakalonunua, la plastiki, la alumini au la dhahabu, halina kazi isipokuwa ule upepo kidogo unaotupwa na propela. Hapo una bahati, kwa sababu umechagua paa la kuteleza: unalirudisha nyuma kiasi, unatembeza ndege likiwa wazi, kisha unalifunga na kulikagua kabla ya kuingia barabara ya kurukia. Liandike kwenye orodha yako ya ukaguzi kwa herufi kubwa. Joto la ardhini linamalizwa na paa, si na dashibodi.

Hewani ndipo hesabu inapobadilika, na hapo ndipo njia ya kutokea inapokuwa bwana. Chumba kilichozibwa vizuri kikishapokea hewa kidogo, shinikizo la ndani linapanda, na hewa ya nje inakosa sababu ya kuendelea kuingia. Unafungua tundu hadi mwisho, unapata pumzi moja, basi. Kwenye ndege za aina yako tatizo mara nyingi ni la kinyume chake, na linachanganya watu. Juu ya mgongo wa paa la kioo hewa inakwenda kasi zaidi kuliko ndege yenyewe, kwa hiyo shinikizo pale ni dogo kuliko la hewa ya kawaida iliyoizunguka ndege. Sketi za nyuma za paa la kuteleza, yaani kingo zake zinazolalia mwili wa ndege, hazikazi kikamilifu. Hewa ya chumba inafyonzwa pale, na nafasi yake inajazwa kutoka popote penye upenyo: matundu ya fimbo za flapu (vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), matundu ya fimbo za aileroni (vibawa vinavyoilaza ndege ubavu) kwenye shina la bawa, na ukuta wa sehemu ya mizigo unaopakana na mkia. Ndiyo maana marubani wengi wa ndege hizi wanalalamika juu ya upepo unaowapiga shingoni kutoka nyuma, huku matundu ya mbele yakiwa yamefungwa. Hewa inasafiri kutoka mkiani kuja mbele.

Upepo wa shingoni ni kero tu. Kinachonitia hofu ni kile upepo huo unachoweza kubeba. Mabomba ya moshi ya O-320 yanatokea chini ya pua ya ndege, na moshi unafuata tumbo la ndege hadi nyuma. Pembe ya kupanda inapokuwa kubwa, injini ikiwa kwenye nguvu zote na mchanganyiko wa mafuta ukiwa mzito, moshi huo una kaboni monoksidi nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na unapita karibu kabisa na kila ufa wa tumbo na wa mkia. Chumba chenye shinikizo dogo kinauvuta ndani. Chumba chenye shinikizo lililozidi kidogo lile la nje kinausukuma mbali. Kwa hiyo unapochagua matundu ya hewa, unachagua pia kama chumba chako kitavuta moshi au kitaufukuza. Ninalisema hili kwa uzito wote, na ningependa ulibebe kuliko kitu kingine chochote katika jibu hili.

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inaishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na rubani anayepumua hewa hiyo hajisikii anazama. Anajisikia amechoka, kichwa kinamgonga, na maamuzi yake yanaharibika kabla hajashtuka. Mashabiki wa mpira wanamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji aliyekuwa akihamia Cardiff City. Ndege ndogo ya Piper Malibu iliyombeba kutoka Nantes ilianguka kwenye Mlango wa Bahari wa Uingereza tarehe 21 Januari 2019, na vipimo vya damu yake vilionyesha asilimia 58 ya himoglobini ilikuwa imeshikwa na gesi hiyo. Nchini Marekani, bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, ilipitia ajali zilizotokea kati ya 1982 na 2020 ikakuta 31 zilizosababishwa na sumu hii; 23 kati yake ziliua, na waliokufa walikuwa watu 42. Katika ndege hizo zote, ni moja tu iliyopatikana na kifaa cha kutambua gesi, na hata hicho hakikuwa cha kupiga kelele. Mwaka 2022 bodi hiyo ilipendekeza vifaa hivyo viwe vya lazima kwenye ndege zenye injini za pistoni na chumba kilichofungwa.

Kanuni za Marekani za ndege za kiwandani ziliweka kikomo cha sehemu moja ya kaboni monoksidi kwa sehemu 20,000 za hewa, yaani 50 kwa milioni. Ndege ya kujiundia hailazimishwi na kanuni hiyo, lakini mapafu yako na ya mke wako ni yale yale. Nunua kifaa cha umeme chenye kioo cha namba na king'ora kinachosikika ndani ya hedseti, au angalau chenye taa kali usoni pako. Zile kadi zenye doa linalobadilika rangi usizitegemee: zinachakaa, na zinataka uziangalie wakati akili yako ndiyo ya kwanza kulegea.

Sasa, utajuaje chumba chako kina shinikizo gani? Huhitaji maabara. Kama umeweka vali ya dharura inayoiruhusu altimita, yaani kipima urefu, isome shinikizo la ndani ya chumba badala ya la nje, una kipimo tayari. Ruka ndege ikiwa imetulia kwa urefu mmoja na kasi moja, fungua vali hiyo, tazama sindano. Altimita ikiruka juu, chumba kina shinikizo dogo kuliko nje. Ikishuka, chumba kimezidi. Karibu na usawa wa bahari, kila futi 27 ni paskali 100 hivi. Rudia ukiwa umefunga matundu yote, kisha umefungua moja, kisha yote mawili, kisha kwa kasi ya kupanda. Kama huna vali hiyo, simu nyingi siku hizi zina kipima hewa ndani yake. Programu ya kusoma hektopaskali inatosha kukuonyesha tofauti kati ya matundu kufungwa na kufunguliwa, mradi mwenzako ashike simu na wewe ushike urefu. Halafu chukua nyuzi fupi za sufu, zibandike kwa utepe kwenye kila ufa unaoushuku: ukuta wa mizigo, fimbo za flapu, ukingo wa paa. Uzi utakuambia hewa inaingia au inatoka.

Ukishajua, ziba kwanza zile nafasi ambazo hewa inaingia bila ruhusa. Fimbo za aileroni na flapu zivalishwe mifuko ya ngozi au kitambaa kigumu, yenye ulegevu wa kutosha ili isizuie hata milimita moja ya mwendo wa usukani, na uikague kwa kusukuma usukani hadi mwisho kila upande. Ukuta wa mizigo uzibwe kwenye maungio. Sketi ya paa iwekewe sponji ngumu. Matundu ya mbele yakifunguliwa baada ya hapo, shinikizo la chumba litaanza kupanda, na ndipo utakapojua kama unahitaji njia maalumu ya kutokea. Ikihitajika, iweke nyuma ya viti, ubavuni na juu ya usawa wa bawa, bati likikunjwa kutazama nyuma ili hewa inayopita iivute ile ya ndani. Eneo lake lisipungue jumla ya eneo la midomo miwili ya kuingizia. Kwa hosi za milimita 50 hiyo ni sentimita za mraba 40 hivi. Na kamwe usiitoboe tumboni, kwenye njia ya moshi. Nimeshauliza wajenzi kwa nini waliiweka pale, na jibu huwa ni kwamba haionekani. Kweli haionekani, ila moshi unaiona.

Turudi mbele, kwenye mdomo. Seti ya vipuri ya RV inakuja na mdomo uliozama ndani ya bati, ule wenye umbo linaloanza jembamba na kupanuka kuelekea nyuma. Umbo hilo lilitoka kwa watafiti wa NACA, chombo cha Marekani ambacho mwaka 1958 kiligeuka kuwa NASA. Walilitangaza mwaka 1945 baada ya majaribio kwenye maabara ya Ames, California, na wakati ule walikuwa wakitafuta njia ya kuzipa hewa injini za jeti bila kutokeza kitu nje ya ndege. Ujanja wake uko kwenye kuta mbili zinazoachana. Kingo zake kali zinaizungusha hewa, na mizunguko hiyo inaisukuma kando ile hewa iliyochoka iliyonata kwenye bati, ili hewa yenye nguvu ya nje kidogo ishuke ndani.

Kutokana na hapo unapata masharti ya ujenzi, na masharti haya ndiyo watu wanayoyavunja. Sakafu ya mdomo iteremke taratibu, kiasi cha nyuzi 7 tu. Kwa kina cha milimita 25, mteremko unahitaji urefu wa milimita 200 hivi. Upana uwe mara tatu hadi tano ya kina. Kingo za juu za kuta mbili zibaki kali: usizilainishe kwa msasa ukidhani unazipendezesha, maana ukizilainisha umeua mizunguko. Mdomo wa nyuma, ule ambao hewa inaukuta mwisho, ndio unaotakiwa kuwa wa mviringo. Na mahali pake ni mbele, si nyuma. Ile hewa iliyonata inanenepa kadiri unavyorudi nyuma: mita moja na nusu kutoka puani, kwa kasi yako ya safari, unene wake ni kama sentimita mbili na nusu, mita nne nyuma, unafika sentimita tano hivi. Mdomo wenye kina cha milimita 25 ukiwekwa pale nyuma unakunywa hewa iliyochoka peke yake. Mahali ambapo michoro ya RV inauweka, ubavuni mbele ya dashibodi, ni pazuri, usiuhamishe. Tazama tu kwamba hauko karibu na mfuniko wa tangi wala kipumulio cha tangi cha upande wowote, kwa sababu mvuke wa petroli nao utaingia kwa heshima zote.

Kuna wanaobandika kijibati kidogo kinachotokeza nje, nyuma ya mdomo, ili kuongeza hewa. Kinafanya kazi, na kinagharimu kasi kidogo. Kwa ndege yenye mwendo wa RV-9A sioni haja. Wanaojenga ndege za mwendo wa pole, kama Zenith CH 750, hao ndio wenye shida ya kweli: kwa kasi yao shinikizo ni dogo, na mdomo uliozama unawapa pumzi dhaifu. Kwao ninapendekeza kile kikombe cha plastiki angavu kinachobanwa kwenye tundu la duara dirishani. Unakigeuza mbele kikakamata hewa, unakigeuza nyuma kikavuta hewa itoke, mvua ikija unakigeuza nyuma vile vile. Kwenye akriliki toboa kwa ncha maalumu, kioo kikiwa na joto la mchana, na kila tundu la skrubu liwe kubwa kuliko skrubu, kwa sababu akriliki inatanuka mara tatu hivi ya alumini na ufa wa kwanza huanzia hapo hapo.

Hosi ni habari fupi. Tumia kipenyo cha milimita 50, ifupishe, ipindishe kwa mikunjo mipana. Ukishuka hadi milimita 38 kwa sababu nafasi nyuma ya dashibodi ni finyu, kwa kiasi kile kile cha hewa upotevu wa shinikizo unakuwa mara nne, maana unafuata kipenyo kwa kipeo cha tano. Na mikunjo ya waya iliyo ndani ya hosi inaongeza msuguano juu ya hapo, hivyo ivute iwe imenyooka. Hosi yenye urefu wa ziada iliyojikunja ni hasara tupu. Nyeusi ya neoprini inatosha upande wa baridi. Ile ya rangi ya chungwa, ya silikoni na faibaglasi, iweke kwenye mfumo wa joto.

Sasa plastiki au alumini. Tofauti ya kiasi cha hewa kati yake ni ndogo. Usidanganywe na anayekuuzia. Sababu yangu ya kuchagua alumini ni mambo matatu ya matumizi. La kwanza, tufe la plastiki, lile unalolizungusha kuielekeza hewa, linalegea. Likilegea, hewa ya safari inaligeuza lenyewe, na unabaki kulirudisha kila dakika tano. La pili, ndege itasimama juani Lamu na Malindi mchana kutwa chini ya kioo, na plastiki nyembamba inajipinda. La tatu, na ndilo kubwa, ni kufunga. Mengi ya plastiki hayafungi kabisa, na asubuhi ya Julai pale Wilson, mita karibu 1,690 juu ya usawa wa bahari, na wewe unapanda kwenda juu zaidi, uvujaji mdogo wa hewa baridi kwenye goti unachosha kuliko unavyofikiri.

Hata hivyo, hata la alumini lisiwe kizuizi chako pekee. Weka vali ya kipepeo karibu kabisa na mdomo wa nje, yenye waya wa kuvutia kwenye dashibodi. Ukifunga upande wa dashibodi tu, unaacha bomba refu lililo wazi upande mmoja, na hewa inayopita juu ya mdomo inalifanya lipige mluzi kama chupa tupu inayopulizwa. Ukifunga karibu na mdomo, mluzi unaisha, vumbi jekundu la viwanja vya murram linabaki nje unapotembeza ndege, na mvua haipati njia.

La tatu sasa. Hapa nakuomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Jua la saa sita pwani linaleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paa lako la kioo linalipokea kwa eneo linalokaribia hapo. Ongeza wati 100 za mwili wako na 100 za mke wako. Una wati 1,200 za joto zinazoingia kwenye chumba kidogo. Matundu mawili ya milimita 50, hewa ikipita kwa mita 20 kwa sekunde, ambacho ni kiasi cha haki kwa kasi yako, yanaingiza kama lita 78 kwa sekunde. Kiasi hicho kikibeba wati zote 1,200, kinatoka kikiwa na joto la nyuzi 13 zaidi ya la nje. Nje pwani kukiwa na 32, hewa inayokaa kichwani mwenu inakaribia 45.

Ukiongeza tundu la tatu lenye mdomo wake na hosi yake, zile nyuzi 13 zinashuka hadi 9 hivi. Ukiweka kitambaa cha kivuli juu ya vichwa vyenu kinachozuia nusu ya jua, wati zinashuka hadi 700 na nyuzi zinashuka hadi 8 bila kutoboa bati lolote. Fanya vyote viwili ukipenda, lakini anza na kitambaa. Kiwe cha kuvuta na kurudisha, rangi nyeupe juu, kisifike mbele kiasi cha kukuzuia kuona ndege nyingine upande unaokata kona. Pia tundu la tatu katikati ya dashibodi linakuja na taabu yake: hosi inapita juu ya redio na vifaa vya umeme, na siku ya mvua tone moja litachagua pa kuangukia.

Kumbuka vile vile kwamba joto hilo la 32 ni la chini tu. Ukisafiri kwa mita 2,900 hivi juu ya bahari, nje kuna nyuzi 13 au 14, na matundu mawili yaliyofunguliwa robo yanatosha. Shida yako ni robo saa ya mwisho, unaposhuka kutoka kwenye baridi hiyo kuingia hewa nzito ya pwani. Hapo kuna jambo ambalo watu wa bara hulisahau: kioo bado ni cha baridi, na hewa yenye unyevu ukiifungulia ghafla inaweza kutandaza ukungu upande wa ndani. Fungua matundu mapema, kidogo kidogo, wakati kioo kinapata joto. Feni mbili ndogo za kompyuta za volti 12, zikilala juu ya dashibodi na kupuliza kioo cha mbele, ni kinga ya bei ndogo ambayo wajenzi wengi wa RV wanaitumia, nami naiunga mkono.

Kuhusu mvua: mdomo uliozama unakunywa maji. Acha hosi ishuke kidogo kabla ya kupanda kwenda kwenye tundu, na pale chini kabisa pa mkunjo toboa kijitundu cha milimita 3 kinachodondokea mahali pasipo na waya. Kuhusu nyigu: wanapenda sana mashimo ya ukubwa huu, na kiota cha udongo ndani ya hosi hutakigundua hadi siku unayohitaji hewa. Tengeneza vizibo vya sponji vyenye utepe mwekundu, uvifunge kwa kamba moja pamoja na kile cha pitoti, mrija wa kupimia kasi, ili usiondoe kimoja ukasahau kingine. Wavu wa mbu ndani ya mdomo siupendi, unaziba kwa vumbi na kukata hewa.

Hukuuliza habari ya joto la asubuhi, lakini kwa kuwa unakaa Nairobi utaliweka, na linapita kwenye ukuta wa kuzuia moto ulio kati yako na injini. Vali yake pale iwe ya chuma kisichoshika kutu. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, ilhali kipimo cha kanuni kwa ukuta huo ni moto wa nyuzi 1,093 kwa dakika 15. Vali iwe ya aina inayoimwaga hewa ya moto nje inapofungwa, si ya kuizuia, ili koti la joto, bati linalozunguka bomba la moshi na kupasha hewa, lisijipike. Koti hilo livuliwe na kukaguliwa kila ukaguzi wa mwaka, kwa sababu ufa wa bomba ndani yake ndio mlango mfupi kuliko yote wa kaboni monoksidi kuja kwako.

Mahali pa kuyaweka: pembe za chini za dashibodi, kushoto kabisa na kulia kabisa, kwenye vishikio vilivyo chini ya ukingo. Hosi zinatoka ubavuni moja kwa moja, hazivuki chochote. Kabla ya kutoboa, kata mfano wa karatasi ngumu wa kipenyo cha tundu na hosi yake, ubandike kwa utepe, kisha ukae kitini, mikanda umefunga, hedseti umevaa, mke wako kando yako. Sukuma usukani pembe zote nne. Goti lisiguse. Hakikisha tufe linaweza kuelekezwa kifuani, usoni na kwenye kioo cha mbele. Lisielekee kupuliza maikrofoni: hewa ikiigonga moja kwa moja, redio itabeba ngurumo na msimamizi wa Wilson atakuomba urudie kila neno. Kifuani ndipo panapopoza vizuri bila kukausha macho. Mke wako ndiye aamue urefu wa tundu la upande wake, wala usimkadirie. Toboa kwanza la upande wako kwa msumeno wa duara, mwendo wa pole, bati likiwa limebanwa kwenye ubao, ulijaribu na hosi yake ikiwa imefungwa mahali pake, ndipo utoboe la pili.